Rangi ya Ua la Kiazi

Mburugu alikuwa fundi wa vitu vidogo. Waliomtafuta mjini Nyeri hawakuuliza, "Fundi wa bunduki yuko wapi?" kwa sababu neno hilo, hata miaka kumi baada ya uhuru, liliwafanya wazee watazame nyuma yao kwanza kabla ya kujibu. Waliuliza, "Yule Mmeru wa vitu vidogo yuko?" Wakaelekezwa kwenye kichumba cha mbao nyuma ya duka la vitambaa, upande wa kuteremkia Ruring'u, mlango wa kijani, dirisha moja tu, linalotazama mashariki. Dirisha hilo mliweke akilini. Ndilo lililomponza.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Alitoka Chogoria, upande ule mwingine wa mlima, akaja Nyeri kutafuta kazi, akapata mke kabla ya kupata kazi. Mke ni Wachuka, mwenyeji wa Tetu, na shemeji zake hawakuchoka kumtania: "Huyu ni Mmeru wa namna gani, hajui kukasirika? Ama hasira ulimwachia mamako Chogoria?" Naye alicheka tu, mabega yakitikisika, huku mikono ikiendelea na shughuli yake. Siku hizo shughuli ilikuwa cherehani. Alizitengeneza za mafundi nguo wa Nyeri na Karatina, na kipuli kisipopatikana dukani alikichonga mwenyewe kwa tupa.

Mwaka wa uhuru, Kalasinga mmoja aitwaye Gurdit, mzee aliyekuwa akitengeneza bunduki za wawindaji, alimletea cherehani ya mkewe. Aliporudi kuichukua alikigeuzageuza kile kipuli kipya, akakipitisha ukucha, akauliza, "Hii umenunua wapi?"

"Sikununua, mzee. Nimechonga."

"Funga hii duka yako," Gurdit akasema. "Kesho kuja kwangu."

Alikaa kwa Gurdit miaka sita. Hapo ndipo alipojifunza kwamba bunduki haifi yote kwa mara moja. Mtutu unaweza kuwazika wenyewe watatu na bado ukapiga sawa. Kinachokufa ni vitu vidogo: ule ukucha wa chuma unaovuta ganda la risasi iliyokwisha kulia, ile springi iliyochoka, ile pini nyembamba iliyo ndani ya bolti ya kusukumia risasi, inayoruka mbele na kugonga fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi. Kimoja kikichakaa, bunduki nzima ni fimbo. Kuagiza kipuli Ulaya ni miezi minne, mitano. Mburugu alikichonga kwa siku mbili kutoka chuma cha springi ya lori, na mara nyingi alikitoa kikiwa bora kuliko cha kwanza, kwa kuwa aliona pale cha kwanza kilipochokea. Kona iliyopasuka aliiviringa. Ncha iliyobutuka aliinenepesha kidogo. "Mwenye kutengeneza hakukosea," alikuwa akisema. "Ni vile hakuwahi kuiona ikizeeka."

Gurdit alimfundisha na desturi mbili. Ya kwanza, kipuli kilichochakaa hurudi kwa mwenyewe, ndani ya sanduku la kiberiti, asije akasema ameibiwa. Ya pili ilihusu rangi.

Chuma kikitoka motoni na kuchovywa kwenye mafuta huwa kigumu kama kioo, na kama kioo, huvunjika. Lazima kifundishwe subira. Husuguliwa kikang'aa, kikawekwa juu ya bamba la moto, kikatazamwa. Rangi huja zenyewe zikitembea juu yake: kwanza ya bua kavu la hindi, kisha ya kahawa, kisha zambarau, halafu samawati. Pini ya bunduki hutolewa kwenye zambarau. Ikitolewa kabla ya hapo itavunjika, na ikicheleweshwa itapinda. Gurdit aliiita rangi hiyo shingo ya tausi. Mburugu hakuwahi kumwona tausi. Alitembea na neno hilo wiki nzima, mpaka siku moja akipita shambani kwa mkwewe akaona viazi vimechanua, akasimama katikati ya njia akicheka peke yake. Tangu siku hiyo kwake ikawa rangi ya ua la kiazi.

Gurdit alipohamia kwa watoto wake ng'ambo alimwachia jiriwa, tupa na jina zuri. Leseni ikapatikana baada ya safari nyingi za ofisini, ikatundikwa ukutani karibu na picha ya harusi. Wateja wakaja: wakulima wenye bunduki za leseni, wawindaji wachache, na askari wa wanyama, wale wanaoitwa nyati akishuka kutoka msituni na kuingia mashambani.

Mmoja wa askari hao alikuwa Kingori. Mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mwezi wa tano mwaka wa sabini na tatu bunduki yake ilikataa kulia mbele ya nyati, naye akapanda mti kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Pini ilikuwa imelika. Mara mbili inapiga, mara ya tatu inagusa tu fataki na kunyamaza. Alivumilia nayo mpaka Julai, kisha akaileta.

"Fundi, nitengenezee pini ya kunizika," alisema.

"Hii itakuzika na kubaki," Mburugu akajibu, na hayo ndiyo maneno aliyokuja kuyatamani yarudi mdomoni.

Sasa, mnajua Julai ya Nyeri. Jua halionekani wiki mbili, tatu. Mawingu hukaa juu ya paa kama kuku aliyelalia mayai, na baridi hupenya mbao. Mburugu alikuwa akikohoa tangu mwanzo wa mwezi. Wachuka alichukua gunia, akalipigilia misumari kwenye dirisha la karakana.

"Baba Kinya, utakufa kwa ajili ya upepo?" alimwambia. "Mlango unatosha kukupa mwanga."

Akaona ni kweli. Kwa mwanga huo wa mlango, siku ya Jumatatu, alimaliza kuchonga pini tatu za aina moja, akazichovya, akazisugua, akazitazama juu ya bamba mpaka zilipofika kwenye ua la kiazi. Moja akaiweka kwenye bunduki ya Kingori. Ya pili akamwekea Mzee Wamae, mkulima wa kahawa. Ya tatu akaitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ambamo alihifadhi akiba.

Alhamisi asubuhi Mzee Wamae aliingia bila hodi, leso mkononi.

"Fundi, uliniwekea jino la mtoto?"

"Limefanya nini?"

"Limeng'oka!" Akafungua leso juu ya meza. Pini ilikuwa vipande viwili. "Nimepiga nguruwe mwitu mara moja, wa pili akanitazama akaenda zake. Hata hakukimbia. Alitembea."

Mburugu hakucheka. Alikichukua kipande kimoja, akatazama pale kilipovunjika: safi, chembechembe, kama sukari guru iliyokatwa. Akatazama ubavu wake uliosuguliwa. Hapo mezani, chini ya kivuli cha gunia, ulikuwa zambarau iliyoiva. Akatoka nao nje ya mlango. Mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo asubuhi hiyo, mwanga ukamwagika uani, na mkononi mwake zambarau ikayeyuka. Rangi ilikuwa ya bua kavu la hindi.

Akarudi ndani: ua la kiazi. Akatoka nje: bua la hindi. Mzee Wamae alimtazama akiingia na kutoka kama mbuzi aliyesahau zizi lake, akaanza kuogopa.

"Fundi, uko sawa?"

Mburugu akatoa ile pini ya akiba mkebeni, akaibana kwenye jiriwa, akaigonga mara moja kwa nyundo ndogo. Ikaruka ukutani.

"Giza limenidanganya," alisema polepole. "Rangi ikikaa gizani huonekana imekomaa. Nilizitoa mapema, zote tatu. Ni kioo hiki." Kisha sauti ikashuka. "Na moja iko ndani ya bunduki ya Kingori."

Wachuka alikuwa mlangoni na birika la chai. Alilitazama gunia, akamtazama mumewe. "Kwa hivyo ni mimi."

"Si wewe, Mama Kinya. Wewe ulizuia baridi. Mwenye kutazama nilikuwa mimi." Akaanza kutia vitu kwenye mfuko: koleo, msasa, kichupa cha mafuta, vile vipande vya pini. Chuma cha kuchonga pini nyingine alikuwa nacho, lakini kuchonga ni siku mbili. "Kingori yuko wapi leo?"

"Kabaru," akasema Wachuka. "Mkewe alikuwa dukani asubuhi. Kuna nyati amemvunja mama mmoja mguu juzi. Anaenda kumtafuta."

Mzee Wamae alikohoa. "Na pini yangu je?"

"Yako iko mkononi mwangu, mzee. Yake iko mbele ya nyati."

Wamae alivaa kofia yake. "Panda gari," akasema. "Utanieleza mbele ya safari kwa nini nisikuvunje meno."

Alikuwa na pikapu ya Peugeot iliyonuka mbolea na kahawa. Walipita Kiganjo. Baada ya hapo mzee akaanza, kwa upole: "Ungeniambia mimi peke yangu ingetosha. Kingori unaweza kumwambia unataka kuikagua tu. Uitoe pini, twende zetu. Watu wasijue."

Mburugu alikuwa ameliwaza hilo tangu walipoondoka Nyeri. "Wateja wangu hawanijui mimi," alisema. "Wanajua neno langu tu. Nikilificha hili, lile la 'hii ni nzuri' litakuwa na thamani gani?"

"Watasema Mmeru amewauzia kioo."

"Watasema."

Kabaru ilikuwa imefunikwa. Ukungu ulishuka kutoka msituni mpaka kwenye mashamba, miti mikubwa ikawa vivuli. Kando ya shamba la viazi walikuta watu kama kumi na watano wamezunguka moto wa chai. Kingori alikuwa katikati yao, kikombe mkononi, bunduki begani, akieleza jambo kwa sauti yake ya bonde. Mburugu akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Nyeri.

"Haiya! Fundi mwenyewe!" Kingori akaita. "Umekuja kuona pini yako ikifanya kazi? Mwenzangu Mutahi, mfuata nyayo, amemwona nyati kwenye kile kichaka cha bondeni, amelala. Nikimaliza hiki kikombe naingia."

"Usiingie," akasema Mburugu.

Wote wakageuka. Aliwaeleza hapo hapo, amesimama kwenye majani yenye umande, bila kupamba: dirisha, gunia, rangi. Akafungua leso, akaonyesha vipande. Mzee Wamae akatikisa kichwa kuthibitisha.

"Lakini nimeipiga mara tatu!" Kingori akasema. "Kwa mti. Imelia mara tatu safi."

"Kioo hakikuambii kimechoka. Ya mzee imelia, halafu ikakatika."

Mama mmoja mzee, kanga kichwani, akasonga mbele. Huyo alikuwa Murugi, mwenye shamba, na aliyevunjwa mguu alikuwa Wacera, mke wa mwanawe. Nusu ya viazi vyake ilikuwa imekanyagwa kama uwanja wa mpira. "Sasa mnasema nini?" akauliza. "Nyati amelala pale, na nyinyi mnaongea mambo ya madirisha?"

"Si uweke ile ya zamani?" mtu akadakia. "Ile ya kiberiti?"

Kingori aliingiza mkono mfukoni, akalitoa lile sanduku la kiberiti, akalitikisa. Pini kuukuu ikalia ndani.

"Hiyo ndiyo iliyokupandisha mti mwezi wa tano," akasema Mburugu. Watu wakacheka, na Kingori mwenyewe akacheka, akalirudisha mfukoni.

"Kwa hivyo tufanye nini, Mmeru?"

"Hii mpya haijaharibika. Imetolewa mapema tu, kama ugali mbichi. Nikiirudisha kwa moto hadi ifike rangi yake, itakuwa pini. Moto upo. Nipeni jembe kuukuu lisilo na mpini."

Jembe likaletwa, likawekwa juu ya makaa ya chai. Kingori akafungua bolti, akampa pini. Mburugu akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama sindano. Halafu akaketi juu ya jiwe, akaifunga kwenye leso, akakunja mikono.

"Unangoja nini?" Murugi akauliza.

"Jua, mama."

Kukazuka kelele. Ati jua! Ukungu wa Kabaru unaweza kukaa mpaka saa kumi. Ati ukiondoka, nyati naye ataamka, arudi msituni, na usiku ashuke tena kumaliza viazi au kumaliza mtu. Kijana mmoja alisema huyu Mmeru anawachezea, hata jembe limeanza kuungua bure. Mwingine akasema, "Si uangalie karibu na moto? Moto una mwanga wake!"

"Mwanga wa moto ni mwongo kuliko gunia," Mburugu akajibu kwa sauti ile ile ya chini. "Nimeshakosea hivi mara moja, wiki hii. Siwezi kukosea mara ya pili na mtu akiwa ndani ya kichaka."

Wakamgeukia Kingori. Bunduki ilikuwa yake, na maisha pia. Kingori alitazama bondeni, kwenye ukungu. Akamtazama Mburugu, aliyekuwa akikohoa ndani ya kiganja chake na kukilinda kile kileso kwa mkono wa pili kana kwamba ndani yake mna yai.

"Kuna chai nyingine?" akauliza. Akaketi chini kando ya fundi.

Wakangoja. Makaa yakaongezwa mara mbili. Mutahi alipanda kutoka bondeni kusema nyati bado amelala, akashuka tena. Mzee Wamae akasimulia habari ya nguruwe aliyetembea, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya tatu akiigiza mwendo wenyewe, hata Murugi akacheka bila kupenda. Saa ikapita, ikapita na nusu. Mburugu alikuwa akitazama mstari wa viazi ulio karibu, ambao nyati hakuufikia. Ulikuwa umechanua.

Karibu na saa sita ukungu ukawa mweupe, ukawa mwembamba, na ghafla kila mtu akawa na kivuli. Mburugu akainuka. Alikata ua moja la kiazi, akampelekea Murugi.

"Mama, haya maua umeyaona miaka mingapi?"

"Tangu nizaliwe."

"Basi simama hapa, lishike karibu na jembe. Macho yangu yana miaka hamsini na yamenisaliti. Pini ikifika rangi hii, sema."

Murugi aliinama, kanga ikishikwa nyuma na mjukuu isiguse moto. Mburugu akailaza pini juu ya bamba la jembe, koleo tayari, kikombe cha mafuta mguuni. Rangi ya bua la hindi ikatokea, ikatembea.

"Bado," akasema Murugi.

Ikawa kahawa. Kahawa ikaingia wekundu.

"Bado. Bado. Wee, ngoja…" Akalisogeza ua. "Sasa!"

Koleo likashuka, mafuta yakafuka. Mburugu akaitoa, akaifuta, akaiinua kwenye jua pamoja na lile ua. Akampa Kingori aone. Kingori akampa Wamae. Pini ikazunguka mkono kwa mkono mpaka kwa yule kijana aliyesema wanachezewa, naye akaitazama muda mrefu kuliko wote.

Mburugu akaishika mwisho, akailaza kati ya mawe mawili, akaigonga na kichwa cha koleo. Mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa nguvu. Ililia tu. Ndipo akairudisha kwenye bolti kwa mikono yake.

"Sikuambii itakuzika," alisema. "Nakuambia nimeitazama mchana."

Kingori akashuka bondeni na Mutahi. Mburugu aliketi tena kwenye lile jiwe, na sasa hakuwa na kitu cha kulinda. Vidole vyake vilikuwa vikisugua msasa mtupu, huku na huku. Kijiti kilikatika mahali fulani. Ndege wakaruka.

Mlio wa kwanza ukapasua bonde.

Kila mwindaji hupiga wa pili, na Mburugu alijua. Alikaa akiungoja, na katika kuungoja kwake kulikuwa na gunia, na misumari, na mikono ya Wachuka. Kisha wa pili ukalia, na baada yake mbinja ya Mutahi, ndefu, ya mtu asiye na haraka.

Kingori alipopanda alikuwa na jasho licha ya baridi. Watu walimkimbilia, lakini alimwendea kwanza fundi, akamtia maganda mawili ya risasi kiganjani, bado yana joto. Mburugu akayageuza kwenye mwanga. Katikati ya kila fataki palikuwa na kishimo: cha duara, kirefu, sawasawa.

"Alikuja," Kingori akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake. "Baada ya ile ya kwanza, alikuja." Halafu ile sauti ya bonde ikamrudia: "Na hapo chini hakuna mti hata mmoja, Mmeru! Nilitafuta!"

Murugi hakuwaacha waondoke mikono mitupu. Aliwapakilia gunia la viazi kwenye pikapu. Jioni Wachuka alivimwaga jikoni, akaenda karakanani, akakuta dirisha liko wazi, misumari imeng'olewa, mumewe akikohoa katika mwanga wa mwisho, akianza kuchonga pini ya Mzee Wamae. Alisimama na lile gunia tupu la viazi mkononi. Alilitazama dirisha. Mburugu aliinua macho, akamtazama yeye. Wachuka akalikung'uta vumbi, akalikunja mara mbili, akamfunika nalo mabegani.

Uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka wa sabini na saba, cherehani zilirudi, na kazi ikaendelea pale pale. Lakini mpaka mwisho, kila alipokuwa na chuma juu ya bamba, Mburugu alitoa kichwa mlangoni na kumwita yeyote aliyepita, mwenye duka, mchuuzi, mama wa kanisa: "Hebu njoo kidogo. Hii unaiona rangi gani?" Watu wengi walidhani macho yake yanakwisha. Hakuwasahihisha.